Usiifungue Kabla ya Kuiuliza

Hotuba kwa mafundi na manahodha, bandarini Wete, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, wazee wangu wa kamati ya wavuvi, manahodha mliotoka Fundo na Kojani asubuhi hii, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma mkiegemea ukuta: sogeeni. Kivuli kipo, meza ni moja, na nitakayoyaonyesha ni madogo, hayaonekani kwa mbali.

Nimeombwa nizungumze juu ya giaboksi za mashine kuukuu za boti. Risala sina. Nina neno moja tu, na yatakayofuata ni ushahidi wake. Giaboksi zetu zinafunguliwa kabla fundi hajajua anatafuta nini. Spana inatangulia, akili inafuata. Boliti iliyokuwa nzima inakatika kwa kutu ya chumvi, sili, ule mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie, iliyokuwa haivuji inaanza kuvuja, kisha mwenye boti anaambiwa, "Giaboksi imekufa, agiza nyengine Gerezani, Dar es Salaam." Anaagiza. Inakuja iliyotumika, haijulikani imetoka kwenye boti gani, nayo inafungwa bila kuulizwa lolote. Baada ya bamvua mbili tatu tunarudi pale pale.

Wengine mtasema huyu mzee anayakuza mambo, giaboksi si moyo wa mtu. Haya. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, nanga yako yenye kamba ya pima thelathini haigusi chini. Maji ya pwani hii yanasukuma kuelekea kaskazini, na kusi kikivuma yanasukuma kwa nguvu zaidi. Mashine ikiwaka vizuri lakini rafadha haizunguki, utakakofika si Wete wala Tanga. Ni Kenya, Mungu akipenda. Akikupenda sana utafikia penye watu.

Sasa tuuangalie mwili wenyewe kabla ya maradhi. Ndani ya giaboksi hakuna uchawi. Shafti ya wima inashuka kutoka kwenye injini, inapita katikati ya pampu ya maji, inaingia kwenye giaboksi, na mwisho wake imebeba gia ndogo tunayoiita pinioni. Pinioni inazungusha gia mbili kubwa kwa wakati mmoja, ya mbele na ya nyuma, na kwa kuwa zimekaa pande mbili tofauti, moja inazunguka kulia na nyengine kushoto. Gia hizo hazijashikana na shafti ya rafadha, zinazunguka peke yao. Baina yao kuna kipande chenye meno manene, ndiyo klachi, kinachoteleza kwenye spilaini, yaani mifereji iliyochongwa kwenye shafti. Ukisukuma mkono mbele kinaikamata gia ya mbele, ukiurudisha kinaikamata ya nyuma, ukiweka fri hakikamati chochote. Ni hivyo tu. Yamaha, Johnson, Evinrude, Mercury, zote zinafuata njia hiyo hiyo isipokuwa chache za ajabu.

Kwenye Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40 pinioni ina meno 13 na gia kubwa ina meno 26. Injini ikizunguka mara mbili, rafadha inazunguka mara moja. Ile ya 15 ni 13 kwa 27. Hesabu hiyo ikumbukeni, inakuja na faida yake.

Mashine hii mnayoiona mezani ni 40 ya nahodha mmoja wa Fundo, yupo hapa, na ameniruhusu niiseme hadharani. Malalamiko yake ni haya. Asubuhi akitoka na boti tupu, hakuna tabu. Jioni akirudi amepakia, akiongeza moto mashine inapiga kelele kali, boti inapunguza mwendo. Akipunguza moto, boti inashika tena, inakwenda taratibu. Akiongeza, kelele tena. Amekwenda kwa mafundi wawili, na wote wawili wamemwambia giaboksi imekwisha meno.

Nahodha, nilikuuliza swali moja ukanishangaa. Nilikuuliza, mashine ikipiga ile kelele, inakojoa?

Msicheke. Swali hilo ni la maana kuliko spana zote zilizo mezani. Pampu ya maji ya kupoozea injini inazungushwa na shafti ile ile ya wima inayokwenda kwenye giaboksi. Kama spilaini za juu, pale shafti inapoingia kwenye injini, zimelika kwa kutu, basi injini inazunguka na shafti imesimama, na shafti ikisimama pampu nayo inasimama. Utaona mambo mawili kwa pamoja: boti haiendi, na tundu la kukojolea limekauka. Hapo zima mashine mara moja kabla hujaiunguza. Lakini kama boti haiendi na maji yanatoka kama kawaida, shafti inazunguka mpaka kwenye pampu, na ugonjwa uko chini ya hapo. Umekata kazi nusu, na hata hujachafua mikono. Tahadhari moja tu: lile tundu huziba kwa mchanga na chumvi, kwa hiyo lichokoe kwa waya mwembamba mapema, lisije likakudanganya.

Nahodha akasema inakojoa vizuri. Basi tukashuka chini.

Hatua ya pili tuliifanya juzi ufukweni. Kwanza tulitoa plagi zote na kuchomoa kile kikamba cha kuzimia. Mafundi, vidole vyenu havina spea. Mashine yenye plagi inaweza kushika moto kwa kuzungushwa rafadha tu. Tukaweka fri: rafadha ikazunguka pande zote mbili bila kukwama, vizuri. Tukaweka gia ya nyuma: ikashika pande zote mbili. Tukaweka ya mbele: ikashika upande mmoja, na upande wa pili ikatoa mlio wa kata-kata. Kwenye mashine nyingi mlio huo ni wa kawaida, klachi imechongwa hivyo. Kisha nikaweka alama ya chaki kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, na nyengine kwenye rafadha, nikazungusha flaiwili mara mbili. Rafadha ikazunguka mara moja kamili. Meno 13 na meno 26 yako kazini.

Hapa niwaonye vijana. Mashine ikiwa imezimwa, mara nyengine mkono wa gia unakataa kuingia. Usipige nyundo, na usiseme giaboksi imekufa. Meno ya klachi yamekutana uso kwa uso na meno ya gia, hayajapata nafasi ya kuingia. Zungusha rafadha kidogo kwa mkono huku mwenzako akisukuma mkono wa gia, itaingia yenyewe. Giaboksi ngapi zimefunguliwa kwa sababu ya jambo hilo tu!

Kwa mkono, basi, kila kitu kilikuwa kinashika. Lakini mkono wangu si mzigo wa samaki. Kinachoteleza kwenye mzigo peke yake mara nyingi kiko kwenye rafadha yenyewe. Katikati ya rafadha kuna bomba la chuma linaloingia kwenye shafti, na kati ya bomba hilo na mwili wa rafadha kuna mpira ulioshindiliwa. Kazi ya mpira ni kuupoza mshtuko, mshtuko wa kuingiza gia na mshtuko wa kupiga mwamba. Ukizeeka unaachia. Ukienda taratibu unashika, ukiongeza moto unateleza.

Namna ya kuujua haina gharama. Nilichukua rangi ya kucha ya mjukuu wangu, nikachora mstari mmoja mnyoofu kuanzia kwenye bomba la ndani, juu ya mpira, mpaka kwenye mwili wa rafadha. Tukaishusha boti, tukaipakia mawe na vijana watano, tukatoka mpaka kwenye mlango wa Fundo, tukatia moto. Kelele ile ile. Tukarudi, tukainua mashine. Tazameni, rafadha hii hapa, ipitisheni mikononi. Mstari wa ndani uko huku, wa nje uko kule, karibu robo ya duara. Mpira umeachia. Giaboksi iliyohukumiwa mara mbili haikuwa na hatia ya kelele ile.

Na hapa nina ugomvi na baadhi yetu. Kuna wanaotoboa rafadha kama hii na kupitisha boliti ili mpira usiteleze tena. Boti inakwenda, mwenyewe anafurahi, fundi analipwa. Lakini siku ya kugonga kipwa, ule mshtuko uliokuwa unamalizwa na mpira unakwenda moja kwa moja kwenye meno ya pinioni. Ni yale yale ya mashine ndogo za zamani zinazotumia pini ya kukatika kwenye rafadha: pini ile ni laini kwa makusudi, wewe unaweka msumari mgumu au kipande cha boliti cha chuma cha pua, halafu unashangaa gia inapasuka. Nunua rafadha yenye mpira mzuri, au peleka kwa mwenye presi aushindilie mpira mpya. Boliti hapana.

Ningeweza kuishia hapo, nahodha akaenda zake. Sikuishia, kwa sababu mashine kuukuu ikikuletea ugonjwa mmoja lazima uiulize kuhusu wa pili. Ndiyo maana tangu jana alasiri mashine hii imesimama wima, na nimekataza isiguswe.

Nipeni hiyo sahani nyeupe. Mnaona skrubu mbili ubavuni mwa giaboksi: ya chini ya kumwagia oili, ya juu ya kipimo. Sifungui ya juu. Naifungua ya chini kwa mizunguko michache, siitoi. Angalieni kinachotoka kwanza.

Maji. Maji meupe kabisa. Oili ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mashine ikisimama usiku kucha, maji yaliyo huru yanakaa chini na ndiyo yanayotangulia kutoka. Ningeifungua jana ile ile tulipotoka baharini, ningeona mchanganyiko tu, na mwenye kutaka kubisha angesema ni oili chafu. Sasa natoa skrubu yote, na ya juu pia ili ipumue. Hiyo inayofuata, yenye rangi ya tui la nazi, ni oili iliyopigwapigwa na maji mpaka ikachanganyika. Injini ikipiga mizunguko 5,000 kwa dakika, pinioni nayo inapiga 5,000, na hiki ndicho kilichokuwa kinailainisha.

Oili inasema mengi, muisome. Yenye rangi safi na iliyo wazi haina neno. Nyeusi na yenye harufu ya kuungua imekaa muda mrefu mno au giaboksi imepata joto. Yenye weupe ina maji. Sasa tutafute chuma. Hii ni sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, nimeifunga nailoni ili isafishike kwa urahisi. Naizungusha ndani ya sahani. Guseni: uji wa kijivu, laini, hauna punje. Huo ni uchakavu wa kawaida wa gia zinazofanya kazi. Ungehisi vipande vinavyochoma kidole, au kijisahani kilichobanduka kwenye jino, au sindano ya beringi, hapo tungefungua bila mjadala. Nahodha, una bahati. Maji yameingia, lakini meno bado yapo.

Kuna ndugu ameuliza hapa mbele: kama oili ina maji, si twende moja kwa moja tukabadilishe sili? Tukabadilishe ipi? Maji yana milango kadhaa. Washa, yaani vile vipete vya kuzibia, za skrubu hizi mbili, ambazo ndizo za bei ndogo kuliko vyote na ndizo tunazozirudishia zile zile miaka kumi. Sili za shafti ya rafadha. Sili za shafti ya wima, zilizojificha chini ya pampu ya maji. Sili ya ule ufito mwembamba wa kubadilishia gia. O-ringi, ile pete ya mpira, ya nyumba ya beringi. Na mwisho chuma chenyewe, kikiwa kimeliwa na chumvi mpaka kikatoboka, hasa kwa wale wanaopaka rangi zinki. Zinki inawekwa ili iliwe badala ya giaboksi. Ukiipaka rangi, bahari itakula kilichobaki.

Kuujua mlango tunatumia hewa. Hii ni skrubu ya giaboksi kuukuu. Nimeitoboa katikati na kuunga ventili ya mpira wa baiskeli. Naifunga tundu la juu, la chini naliziba kwa skrubu na washa mpya. Pampu ni ya baiskeli ya kawaida, hii ina geji. Usitumie kompresa ya kujazia tairi za lori, utazitoa sili mahali pake kwa mikono yako mwenyewe. Anza na pauni tano kwa inchi ya mraba, subiri, panda mpaka kumi. Vitabu vya Yamaha vinafika kama 14 hivi, usizidi hapo. Kijana, shusha kwenye nusu ya pipa. Taratibu.

Geji inashuka. Polepole, lakini inashuka. Kwenye skrubu hakuna povu. Kwenye ufito wa gia hakuna. Sasa izungushe shafti ya rafadha huku hewa imo ndani, kwa sababu sili inaweza kushika ikiwa imesimama na kuachia ikizunguka. Hapo! Mmeona wote? Povu dogo dogo, pembezoni mwa shafti, kila inapofika upande mmoja.

Kilichoikata sili hiyo nilikitoa jana tulipovua rafadha, nikakificha mfukoni mpaka sasa. Mshipi. Kipande cha mshipi wa nailoni kilichojizungusha nyuma ya rafadha, kikaingia chini ya washa, kikapata joto na kusaga mdomo wa sili. Bahari yetu imejaa mishipi iliyokatika na vipande vya jarife. Mwenye mashine awe na desturi ya kuvua rafadha mara kwa mara na kuangalia nyuma yake. Nati moja na pini moja ya kupinda, ni kazi ya kusubiri chai ichemke. Na ukishavua, paka grisi ya baharini kwenye shafti, ili safari ijayo rafadha isikatae kutoka.

Wakati wa kuweka sili mpya, angalia mdomo wa ile ya zamani umetazama wapi kabla hujaitoa. Kuna mashine ambazo sili zote mbili zinatazama nje, na kuna ambazo zimepeana migongo, moja inazuia maji yasiingie na nyengine inazuia oili isitoke. Fuata zilivyokuwa, au fuata kitabu. Kisha pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama, sili ya zamani imechimba mfereji, na sili mpya juu ya mfereji huo huo itavuja kabla ya Ijumaa. Ukiweza, iketishe sili mbele kidogo au nyuma kidogo ishike chuma kizima.

Na kabla ya hayo yote hakikisha shafti imenyooka. Funga msumari kwenye bati la juu ya rafadha, ncha yake iwe karibu na shafti bila kuigusa, weka fri, zungusha. Nafasi ikiwa inapungua na kuongezeka, shafti imepinda. Shafti iliyopinda itakula kila sili utakayoiweka. Hii ya nahodha nimeipima, imenyooka.

Ndugu mwengine anauliza gia inayoruka. Unatia ya mbele, inashika, ukiongeza moto inagonga ka-ka-ka na kuachia. Huo ni ugonjwa wa kweli wa giaboksi, kona za meno ya klachi zimekuwa duara. Hata hivyo anzia juu. Tazama kama mkono na viungo vyake vinasukuma mpaka mwisho. Nati ya kurekebishia ikiwa imelegea, klachi inaingia nusu tu, na kuingia nusu ndiko kunakozila hizo kona. Rekebisha, jaribu. Ikiendelea kuruka, fungua, na usibadilishe klachi peke yake ukaiacha gia iliyolika, maana iliyokwisha itamaliza mpya. Sababu kubwa ya ugonjwa huu ni mikono yetu. Mtu anaingiza gia polepole kwa huruma, anadhani anaitunza, kumbe meno yanasagana kabla ya kukamatana. Punguza moto mpaka chini kabisa, kisha ingiza mara moja, kwa nguvu ya mkono mmoja.

Kwa wenye Johnson na Evinrude za zamani nina onyo maalumu. Kwenye nyingi ya hizo, karibu na skrubu ya kumwagia oili kuna skrubu nyengine ya kichwa cha nyota. Hiyo si ya oili. Inashikilia kiungo cha kubadilishia gia huko ndani. Ukiitoa, kiungo kinaanguka, na hutaweza kukirudisha bila kuifungua giaboksi nzima. Ya oili ni ile pana, yenye mfereji mmoja. Kampuni iliyozitengeneza, OMC ya Marekani, ilifilisika Desemba 2000, na mwaka 2020 mashine za Evinrude zikaacha kutengenezwa kabisa, kwa hiyo spea zake mtaziwinda. Kabla ya kuagiza, soma namba ya modeli kwenye kibati kilichopo penye mshikio wa tezi, nyuma ya boti. Kwa zilizotengenezwa kuanzia 1980, mwaka umefichwa kwa herufi za INTRODUCES, I ikiwa 1, N ikiwa 2, mpaka S ambayo ni 0. Ukikuta CR, hiyo ni ya 1984. Itakuokoa usiuziwe gia ya mashine nyengine.

Na aliyerithi Seagull ya Kiingereza asiogope akikuta oili yake nyeupe. Giaboksi ya Seagull haikutengenezwa kuzuia maji kabisa. Inatumia oili nzito ya 140, na kuchanganyika na maji kidogo ni tabia yake. Ibadilishe mara kwa mara, basi. Ukiitilia oili nyepesi ya 90 itatoka yote baharini.

Kwa mashine zetu nyengine, oili ni ya giaboksi ya baharini, 90 ya haipoidi, yaani oili maalumu ya gia. Si oili iliyomwagwa kwenye gari, hata ikiwa nyeusi kidogo tu. Itiwe kutoka chini, skrubu ya juu ikiwa wazi, mpaka itokeze juu bila mapovu. Ukitia kutoka juu hewa inanaswa ndani, unaona imejaa kumbe ni nusu. Ikishatokeza, funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe mrija wa chini na kufunga haraka. Saa 100 za kazi, badilisha. Wewe unayekwenda dago, kambi ya uvuvi, na kuendesha saa nne kwa siku, saa 100 ni siku 25. Hesabu hiyo wengi hatuipendi.

Nahodha, orodha yako ni hii, muandikie anayekwenda mjini: sili mbili za shafti ya rafadha, o-ringi moja ya nyumba ya beringi, washa mbili za skrubu, oili, na rafadha yenye mpira mzima. Akiwa dukani Darajani, Unguja, awe na namba ya modeli mkononi, asiseme tu "ya 40". Gerezani hakuna haja.

Bwana Sheha ananionyesha saa. Tunazo dakika chache kabla ya adhuhuri. Ileteni hiyo Johnson iliyotoka Mtambwe tuianze. Lakini kabla hamjaiweka mezani niambieni kweli: ile skrubu ya nyota, nani kaifungua?